Mwaka wa Kata Kamba

Shughuli nzima iligharimu magunia kumi na manne ya mpunga ambayo hayakuwa yangu, ekari moja na nusu ambayo haikuwa yangu, na urafiki mmoja ambao ulikuwa wangu. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili jibu ni lile lile. Nimetafuta pa kuombea punguzo sikupaona. Nisingejisumbua kurudia hesabu hii kama si Bi Tatu kufariki, na kama si Festo, siku hizi mwenyekiti wa halmashauri yetu, kuja Tindiga kwenye arobaini yake, mwezi uliopita, akiwa na gari lenye bendera ya chama na vijana wawili wa kumfungulia mlango. Alinikuta uani nikiwa na sahani ya pilau mkononi. "Shabani! Bado unahesabu?" Nikamwambia, "Mheshimiwa, bado." Akasimama karibu yangu, akachagua mnofu kwenye sahani yangu kama zamani, kisha akaanza kunieleza kuhusu ushuru mpya wa mazao unaokuja, wa mashine, usiokwepeka, na jinsi yeye mwenyewe alivyousimamia ukapita. "Nchi haiendeshwi kwa maneno matamu, ndugu yangu," aliniambia. Mfupa ulinikwama. Maneno matamu! Mtu huyu, nilipokuwa na miaka ishirini na sita, alipanda juu ya kreti la soda stendi ya Mikumi, akatangaza kwamba ushuru ni wizi wenye risiti. Kreti lile nililibeba mimi.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Tatu, Tindiga, nikinunua mpunga kwa wakulima na kuupeleka Mikumi kwenye barabara kuu, kwa madereva wa malori na wenye hoteli. Chumba kilikuwa cha tofali mbichi na bati, na ukuta wake haukufika darini, kwa hiyo kila lililosemwa sebuleni liliniangukia kitandani bila kodi ya ziada. Na sebuleni palisemwa mengi. Bi Tatu alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama, na juu ya hapo alikuwa msimamizi wa mfereji, yule anayeamua ni lini watu watatoka kuzibua tope na maji yatafika kwa nani kwanza. Sebule yake ilikuwa na viti vinne vyenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya chama ya miaka mitatu nyuma ambayo hakukubali kuishusha, na redio iliyofunikwa kama mtoto mwenye homa. Mpangaji alitakiwa kuamkia kabla ya kugusa ndoo. Nikisahau, alikuwa akiniacha nichote, nibebe, nifike mlangoni, ndipo aseme, "Mpangaji, leo umeamka bubu?" Narudi, natua ndoo. "Shikamoo, Bi Tatu." "Marahaba. Sasa maji yatakuwa mepesi." Jioni tulikula wali na mlenda, au wali na kambare mkavu, mimi na yeye na binti yake Asha, ambaye wakati huo alikuwa anamaliza shule. Kulipa chakula nililipa, lakini sikuwahi kulipa kiasi nilichokula, na nadhani alijua.

Kilichonikera maishani wakati ule kilikuwa kamba. Ukitoka na mzigo kijijini, unakuta kamba ya manila imevuka barabara, ina kitambaa chekundu katikati, na kijana mwenye kitabu cha risiti amekaa kivulini. Unalipa ushuru, anashusha kamba, unapita. Unaenda mbele, kabla ya kufika Mikumi, unakuta kamba nyingine. Unamwonyesha risiti ya kwanza, anaitazama kama picha ya mtu asiyemjua. "Hii ya kule, braza. Hapa ni hapa." Mpunga ule ule, gari lile lile, barabara ile ile. Nilijaribu kupatana naye, kwa sababu mimi hata bei ya sindano napatana, lakini kamba haipatani. Nikirudi nyumbani namlalamikia Bi Tatu, naye ananisikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza, "Na ile zahanati ulikopeleka kidonda chako ilijengwa kwa matusi?" Nilimwambia zahanati haina hata bandeji. "Basi dai bandeji," alisema. "Usikate kamba."

Festo alikuwa anauza vipuri vya pikipiki Mikumi, kibanda cha tatu kutoka stendi, na ndiye rafiki niliyekuwa nakula naye mchana. Alikuwa kijana wa chama, wa kadi na sare, mwenye kuimba nyimbo zote bila kukosea. Kisha chama kikampeleka semina Dar es Salaam, siku tano, akarudi na begi la vijitabu na sentensi kama nne hivi alizozirudia hadi zikawa zake. Serikali kazi yake ni kulinda mwizi asiingie, basi. Jasho la mtu ni la mtu. Soko lijiamulie. Hakuna wa kumlazimisha mtu mzima kufanya lolote isipokuwa asimuumize mwenzake. Angekuwa mpinzani tungejua pa kumweka. Wapinzani walikuwepo, na kila mtu alijua watasema nini kabla hawajafungua mdomo. Lakini huyu alisema haya akiwa amevaa shati la chama, chama kile kile cha wazee wa utaratibu, wa subira, wa foleni, wa mihuri mitatu kwenye barua moja. Na hakuwa peke yake. Kila kata palianza kusikika kijana wa namna hiyo, ndani ya chama, akitaka kugombea udiwani, akitaka vibali vifutwe na michango ya lazima iishe. Watu wa Mikumi wakawapa jina: Kata Kamba.

Wazee hawakulala usingizi mzuri. Najua, kwa sababu waliyasema sebuleni kwa Bi Tatu, alasiri, mimi nikiwa kitandani na ukuta wangu mfupi. Mmoja, balozi wa zamani wa nyumba kumi, mwenye sauti ya kukwaruza, alisema, "Huyu mtoto anataka chama kisicho na ada, serikali isiyo na kodi, na barabara yenye lami. Lami itatoka kwa bibi yake?" Wakacheka. Mwingine akasema, "Mnacheka, lakini juzi Mikumi alikuwa na watu wengi kuliko mbunge." Balozi akauliza swali ambalo nililielewa miaka mingi baadaye: "Hivi tukimkata jina atakwenda wapi?" Bi Tatu akajibu, "Atakwenda kwa wengine, na watu wake wote nyuma yake." Kikombe kikagonga kisosi. "Basi tusimkate," balozi alisema. "Tumwache apite, atatulia akishakaa." Hivyo ndivyo uhuru wa mtu ulivyopitishwa na wazee wa chama katika sebule yenye vitambaa vya kufuma: hawakuukubali, waliogopa tu kuuona ukiwa nje.

Kura za maoni zilipigwa uwanja wa shule, na mimi nilikuwa wakala wa Festo. Nilihesabu karatasi mara mbili huku msimamizi akipumua kwa hasira, na mara zote mbili Festo aliongoza. Tulibebana. Lakini lililonichoma zaidi lilikuja baadaye, kwenye kampeni za uchaguzi wenyewe, nilipomwona Bi Tatu, aliyekuwa amempinga Festo wazi kila kikao, akipita nyumba kwa nyumba na khanga ya chama kumwombea kura. Nilimuuliza tukiwa tunakula. "Bi Tatu, si ulisema huyu ataiharibu kata?" "Nilisema." "Na leo umetembea mpaka viatu vimekatika kwa ajili yake." Akamega wali. "Mimi sichagui mtu, mpangaji. Nachagua chama." "Na chama kikikosea?" "Nakaa humo humo nikikikera." Asha alicheka. Mimi nilimwona mama wa watu kama mtu wa kale, aliyefungwa na kadi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nilikuwa na majibu mengi.

Festo akawa diwani, na haki yake nampa: kamba ziliondoka. Zote mbili, ndani ya miezi miwili. Siku ya kwanza nilipopita na magunia yangu bila kusimama nilimwambia dereva apunguze mwendo ili tu niufurahie ule upepo. Ningeishia hapo ningekuwa na kumbukumbu nzuri. Lakini mtu aliyekata kamba mbili huanza kuona kamba kila mahali, na sisi tukaiona moja kwenye mfereji.

Lazima nieleze mfereji wetu ulivyoendeshwa, maana ndipo tulipokosea, na kosa lenyewe ni la aibu kwa mtu anayejisifu kuhesabu. Mfereji unaanzia kwenye banio, pale maji yanapokingwa mtoni, unapita kwenye majaruba ya mpunga moja baada ya jingine, na jaruba la mwisho kabisa, mkiani, lilikuwa la Bi Tatu. Tope likijaa juu, wa juu hawajui. Wa mkiani ndiye anayekauka. Kwa hiyo kabla ya kila msimu palikuwa na siku mbili za msaragambo: kila kaya itoe mtu na jembe. Asiyefika, faini yake ni kuku. Na kuku yule hakwenda ofisini, alikwenda kwenye sufuria, pale pale kando ya mfereji, akaliwa na waliofika. Mwalimu mkuu hakuwahi kushika jembe hata siku moja, lakini jogoo wake alikuwa anafika saa moja kamili, kabla ya wenye majembe. Mwenye duka vile vile. Niliwahi kumsikia Bi Tatu akinung'unika usiku wa kuamkia msaragambo: "Mwaka huu wavivu wawili tu. Watu sitini watakula mchuzi gani?" Asubuhi akampitia fundi cherehani: "Wewe si ulisema una safari ya Morogoro? Nenda, mwanangu, nenda, ila uache kuku."

Sisi tuliona nini? Tuliona kazi bila ujira na mnyonge kunyang'anywa mfugo. Niliandika mimi mwenyewe hoja, kwa mkono wangu, chumbani nilimopanga kwa Bi Tatu, kwenye meza yake. Kwenye mkutano wa kijiji Festo aliisoma vizuri sana. Kuanzia siku ile, alisema, hakuna mtu mzima wa Tindiga atakayelazimishwa kufanya kazi wala kutozwa kuku. Atakayependa aje kwa hiari yake. Makofi yalivuma, na mkono wangu ulikuwa wa kwanza kunyooka. Bi Tatu alisimama, akatengeneza mtandio, akauliza swali moja tu. "Na watakaokuja watakula nini?" Mkutano ukaangua kicheko. Festo akamjibu kwa upole wa mgeni rasmi, "Mama, watu wazima wanajitegemea." Nami nilicheka. Hilo silipunguzii bei.

Siku ya mfereji walikuja watu kumi na tisa. Si haba, tukaambiana, hiari ndiyo inaanza. Saa sita njaa ikawauma, hakukuwa na sufuria, wakaenda kula makwao. Na mtu akishakula kwake, jua la Tindiga likiwa limesimama vile, harudi. Mchana tulibaki saba, na mmoja wa hao saba alikuwa ananisubiri nimlipe gunia. Mwalimu mkuu hakuja wala hakuleta jogoo. Nilikutana naye jioni akaniamkua kwa furaha, akanishukuru kwa kumkomboa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu huru. Nilikaa ukingoni nikaanza kuhesabu upya, na safari hii jibu likanikataa: tulikuwa tumefuta soko pekee lililokuwa likifanya kazi pale kijijini. Mwenye muda alileta mikono, mwenye mali alileta kuku, wakabadilishana bila mtu kulipa ushuru wala kukata risiti. Watu wa soko huria ndio tuliolivunja.

Maji yalifika nusu ya mfereji yakaishia. Wa juu walipanda wakanyamaza. Mkiani kitalu cha Bi Tatu kilianza kugeuka rangi, kijani kikififia kuwa kama majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Alikuwa anakwenda asubuhi, anasimama, anarudi, anaweka chai mezani. Afadhali angenitukana. Nilipanda gari la mchanga mpaka Mikumi nikamkuta Festo hotelini, akila chipsi mayai na wenzake wawili wa Kata Kamba kutoka kata nyingine. Nikamwambia maji hayafiki. "Shabani, mwanangu, tulia," alisema. "Ukiingilia sasa utaharibu. Wakikosa maji wataungana wenyewe, watachangishana, watakodi vibarua. Mambo yatajirekebisha." Nikamwambia, "Kitalu kina siku zake, Festo. Mche ukizeeka kitaluni haumsubiri mtu ajirekebishe." Akachovya chipsi kwenye tomato. "Basi huyo mama aliuze. Shamba la mkiani halilipi, ni hesabu tu. Akalime ufuta." Wenzake wakatikisa vichwa, kama watu wanaosikia jambo la busara. Nilimtazama. Alikuwa amekula wali wa shamba lile mara nyingi, alipokuja kunitembelea, na kila mara aliongeza. Nikaondoka bila kumuaga, na tangu siku ile mpaka arobaini ya mwezi uliopita hatukula tena pamoja.

Niliporudi nilimwambia Bi Tatu kwamba ninakosa la kusema. "Basi usiseme," alijibu. "Mwezi huu usinilipe kodi. Chukua jembe." Tulichimba siku tisa, yeye, Asha na mimi, wakati mwingine na fundi cherehani aliyekuja bila kuitwa. Kupita kwenye mashamba ya watu waliokuwa tayari na maji, wakitupungia mkono, ni jambo linalofundisha tabia ya binadamu kuliko semina. Siku ya tisa maji yalifika, membamba kama mkojo wa mbuzi. Miche ilikuwa imezeeka. Akaipandikiza hivyo hivyo. Shamba lile la ekari moja na nusu, lililokuwa likitoa magunia kumi na sita, lilitoa mawili. Msimu uliofuata walikuja watu kumi na moja mferejini, na uliofuata hakuna aliyetangaza siku. Bi Tatu akaliacha shamba, matete yakalichukua, na hakulipanda tena hadi anafariki. Hakuliuza pia. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Nikimuuzia mtu shamba lisilo na maji nitakuwa nimemwibia."

Kamba zilirudi, hilo halitashangaza mtu. Halmashauri ilikosa fedha, wazee wakamwita Festo, Festo akatulia kama walivyotabiri, na ndani ya miaka miwili barabara ile ile ilikuwa na geti la chuma. Kurudisha kamba ni kazi ndogo, unahitaji kamba. Ile asubuhi ya watu sitini na sufuria haikurudi kwa barua wala kwa muhuri, na nimeona wengi wakiandika barua. Kinachonichosha ni kwamba sijui nimkasirikie nani. Kuhusu ushuru tulikuwa sahihi, na leo nikipita kwenye geti lile bado damu inanichemka. Wazee walikuwa waoga. Festo alikuwa mkweli wakati ule, naapa, hakuwa anatafuta gari. Na mimi ndiye niliyekuwa nikilala ndani ya nyumba yenye jibu, nikila jibu kila jioni, nikiandika hoja dhidi yake.

Sasa basi. Baada ya dua ya arobaini, watu wa mfereji walinikalisha chini wakaniomba niwe msimamizi. Nilikubali kabla hawajamaliza, jambo ambalo sijawahi kufanya katika biashara yoyote. Asha, ambaye sasa ana wajukuu wawili, amefyeka matete mkiani kwa mama yake na kusia mbegu, kwa sababu mimi nilimwambia maji yatafika. Kitalu kina siku kumi na mbili. Kaya nyingi zimeniitikia. Lakini shamba la kwanza kutoka banio sasa ni la Zuhura, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mchapakazi kuliko mimi nilivyowahi kuwa, na ana pampu ya petroli inayovuta maji pale pale mdomoni, kiasi kwamba hata tukizibua tope lote, akiiwasha wiki nzima, mkiani hakufiki kitu. Juzi nilimwendea. Alinipa kiti, chai, na maandazi ya moto. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza, pamoja na habari ya sufuria. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Baba, mfereji mimi siuhitaji. Petroli nanunua mwenyewe. Nikizima pampu zamu ya wengine, mpunga wangu ukipungua, wewe utanifidia?" Nikasema siwezi. "Kuna sheria inayonizuia?" Nikasema hakuna. "Hata mkinipikia sinia zima, chakula ninacho." Hakusema kwa jeuri. Alinimiminia chai nyingine.

Festo amenipigia simu mara mbili kuhusu jambo hili. Anasema nimpe neno tu, atapitisha sheria ndogo kwa siku chache, ataleta mgambo wawili, pampu itachukuliwa, na chama kitanisimamia. Nikikubali, maji yatamfikia Asha wiki hii, na kila mtu atakayeshika jembe baada ya hapo atalishika akimwangalia mgambo. Nikikataa, nina mdomo wangu tu, na mdomo wangu Zuhura ameshausikia. Ninyi mliowahi kusimamia mfereji, kisima, josho, au chochote kile ambacho wa juu hahitaji na wa chini hawezi kuishi bila hicho, sitaki pole na sitaki methali. Kesho asubuhi narudi kwa Zuhura. Nikishakaa kwenye kiti chake na kunywa chai yake, nimwambie nini?